Hatua kumi na mbili za mwisho

"Mama, tuweke paswadi gani?"

"Weka tu namba yangu ya simu, mwanangu. Hiyo sitaisahau."

Fundi akaandika tarakimu kumi, akahifadhi, akakusanya koleo na mabaki ya waya, akateremka ngazi za ile nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa, kuiwahi kazi nyingine Tudor. Tangu kutoboa tundu dogo pembeni mwa dirisha la barabarani hadi taa ya kijani kuwaka, kazi ilichukua dakika arobaini. Mazungumzo ya mipangilio yalichukua sekunde nane.

Wiki kadhaa sasa sekunde hizo nane hazijanitoka kichwani.

Fundi hakufanya uzembe. Alikuja kuleta intaneti, na alipoondoka intaneti ilikuwepo. Mama naye alijibu kama ambavyo karibu kila mtu hujibu akiulizwa ghafla. Kinachonisumbua ni kwamba jina, nywila, chaneli na mahali pa kuiweka ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai, viliamuliwa kwa pumzi moja, na nyumba itaishi navyo miaka mitatu au minne bila mtu kuvigusa tena. Usiku chumba cha nyuma kikikosa netiweki, lawama itapelekwa kwa kampuni, au kwa "ile kebo ya baharini".

Tuanze na bahari basi.

Bahari haina kosa

Kebo za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. TEAMS inatoka Fujairah, kule Falme za Kiarabu, mwendo wa takriban kilomita 5,000. Ndani ya faiba, uzi wa kioo ulio ndani ya kebo hizo, mwanga hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Piga hesabu: Fujairah hadi ufuo wetu ni milisekunde 25, yaani sekunde moja igawanywe mara arobaini.

Sasa chukua umbali wa kutoka ruta iliyoko dirishani hadi kitanda cha chumba cha nyuma. Ni hatua kumi na mbili za mtu mzima. Kwenye hatua hizo, ujumbe uliovuka bahari kwa milisekunde 25 unaweza kukaa milisekunde 200, au upotee, utumwe tena, upotee tena.

Jambo hili halihitaji kubishaniwa kwa sababu linapimika. Kaa na kompyuta karibu na ruta, fungua dirisha la amri, uandike ping 192.168.1.1, amri ya kupima ruta inachukua muda gani kujibu. Anwani yenyewe imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta; nyingine hutumia 192.168.0.1 au 192.168.100.1. Kwenye Windows ongeza -t mwishoni ili isikome baada ya majibu manne. Hapo karibu utaona majibu ya milisekunde 1 hadi 5. Ibebe kompyuta hadi chumba cha nyuma bila kuikatiza. Majibu yakiruka hadi 80, 150, au mengine yakikosa kurudi kabisa, ujue kwamba safari imeharibika kabla haijatoka mlangoni kwako. Kisha rudi pale penye ruta uandike ping 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje ya nyumba yako. Ikiwa ya kwanza ilikuwa safi na hii ya pili ni mbovu, hapo sasa una haki ya kupiga simu kwa kampuni, na una namba za kuwasomea.

Kabla ya yote, tazama taa. Kwenye kisanduku cha faiba kuna taa iliyoandikwa LOS. Ikiwa nyekundu, mwanga haufiki. Uzi umekatika au umekunjwa mno, na hakuna mpangilio wa ruta utakaouponya. Uzi wa faiba usiukunje kwa duara dogo kuliko mdomo wa kikombe cha kahawa chungu. Kochi lililosukumwa ukutani limeua faiba nyingi kimyakimya.

Taa ya LOS ikiwa imezimika, ile ya PON, inayoonyesha kwamba kisanduku kimeungana na kampuni, ikiwa imetulia, na chumbani bado hakuna kitu, basi tatizo mmelala nalo nyumba moja.

Ukuta wa matumbawe

Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikabebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa nusu mita si ajabu. Ulijengwa kuzuia jua, na unalizuia vizuri, lakini mawimbi ya waifai nayo unayazuia. Jiwe lenye vitundu hunyonya unyevu, na maji ni adui mkubwa wa mawimbi haya. Ukuta ulioloa baada ya mvua ya masika humeza zaidi kuliko huohuo ulivyo kiangazi.

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa dBm, namba yenye alama ya kutoa. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Kutoa 50 ni karibu kabisa na ruta. Kutoa 67 ndiyo mpaka ambao mazungumzo ya video huenda bila kukwama. Ikifika kutoa 75 unasoma ujumbe lakini picha inasuasua, na kutoa 85 ni kuonyeshwa jina la mtandao bila kuutumia. Kila unapopoteza 3, nguvu imepungua nusu. Ukuta uliokula 12 umekuachia sehemu moja kati ya kumi na sita.

Kwenye Android kuna programu za bure za kuonyesha namba hizi. Kwenye iPhone pakua AirPort Utility ya Apple, kisha katika mipangilio ya simu washa kipima waifai cha programu hiyo, kwa sababu mwanzoni huwa kimezimwa. Kwenye Mac, shikilia kitufe cha Option huku ukibofya alama ya waifai. Tembea chumba kwa chumba, simama sekunde kumi kila mahali, andika namba. Dakika kumi za kutembea zitakufunza mengi kuliko mwezi wa kulalamika.

Ukishakuwa na hizo namba, utaona kosa la kwanza na kubwa kuliko yote: ruta imewekwa pale faiba ilipoingilia. Dirishani, upande wa barabara. Nusu ya mawimbi yake yanawahudumia wapita njia na waliokaa barazani, na nusu iliyobaki ndiyo inayopambana na kuta tatu. Mahali pale ni rahisi kwa fundi kwa sababu waya ni mfupi. Kabla hajatoboa, mwambie aufikishe katikati ya nyumba. Mita kumi zaidi za uzi wa ndani ni kitu kidogo siku ya kwanza, na ni shughuli nzima mwaka wa pili.

Nyumba ya Kiswahili ya Majengo au Kisauni, yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba kila upande, ni rahisi zaidi. Ruta ikae ukumbini, usawa wa juu ya milango, kati ya chumba cha tatu na cha nne. Fleti za Nyali na Bamburi zina shida ya namna nyingine: sakafu za zege lenye nondo. Mtu wa ghorofa ya pili asitegemee ruta ya ghorofa ya nne.

Antena nazo zina tabia yake. Ikisimama wima, mawimbi hutoka kuizunguka kama kata ya kubebea mtungi, antena ikiwa imesimama katikati ya tundu. Ncha ndiyo inayotoa kidogo kuliko pote. Anayeielekeza ncha kitandani kwake akidhani anajipigia mstari anajinyima. Zisimame wima; ikiwa nyumba ni ya ghorofa, laza moja.

Na kitambaa cha kudarizi, tafadhali, kitoke juu ya ruta. Najua kinapendeza. Ruta nyingi zimetengenezwa kwa joto la hewa lisilozidi nyuzi 40, na sebule ya Mombasa mwezi wa Februari haiko mbali sana na hapo. Ruta iliyofunikwa hupunguza kasi au hujizima na kujiwasha, na watu husema "netiweki inakatika". Nyuma ya televisheni nako ni pabaya, kama ilivyo kando ya friji, kioo kikubwa au tangi la samaki.

Chaneli tatu

Hapa ndipo nilipositasita, maana ushauri unaozagaa ni mwingi na nusu yake unapotosha.

Bendi ya 2.4 GHz, mojawapo ya masafa ya waifai, ina chaneli 13, yaani njia za mawimbi, kwenye menyu nyingi za mipangilio ya ruta, lakini usidanganyike na wingi huo. Kila chaneli imepishana na inayofuata kwa 5 MHz tu, ilhali mazungumzo yenyewe yanahitaji upana wa 20 MHz. Kwa hiyo zisizoingiliana ni tatu: 1, 6 na 11. Mtu hufungua programu, aone majirani sita kwenye 1 na watano kwenye 6, aone 3 iko tupu, ahamie huko kwa furaha.

Amejiharibia na amewaharibia.

Ruta mbili zilizo kwenye chaneli moja husikilizana. Mmoja akisema, mwingine hungoja. Ni foleni, lakini ni foleni yenye adabu. Aliye kwenye 3 hasikilizwi kama msemaji na walio kwenye 1 wala 6. Wao humsikia kama kelele tu, naye huwasikia vivyo hivyo, kila mtu akamkatiza mwenzake. Afadhali kugawana chaneli 6 na majirani watano kuliko kukaa 3 peke yako.

Pima usiku. Saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini na watoto shuleni, hewa ya Tudor au Mikindani inaonekana tulivu. Pima baada ya Isha, saa tatu hivi, kila nyumba ikiwa na televisheni na simu tano, kisha uchague kati ya 1, 6 na 11 ile yenye mitandao michache iliyo na nguvu. Mtandao wa mbali wenye kutoa 88 usikutie wasiwasi. Uliza nani yuko juu ya kutoa 75.

Halafu tazama upana wa chaneli. Ruta nyingi hutoka dukani zikiwa kwenye 20/40 au 40 MHz kwa bendi hii. Weka 20. Watu huogopa kwamba watapoteza kasi. Hebu tuhesabu: ruta ya kawaida ya Wi-Fi 4 yenye antena mbili, kwenye 20 MHz, huzungumza hadi Mbps 144, yaani megabiti 144 kwa sekunde. Ukiondoa hasara za njiani bado unabaki na kama nusu. Kama umelipia kifurushi cha Mbps 10 au 20, hujapoteza chochote, na umeacha nafasi kwa mtaa mzima.

Ukipata mahali pa kuzima 802.11b, izime. Ni lugha ya mwaka 1999, na ikiwa imewashwa, ruta hutangaza jina lake mara kumi hivi kila sekunde kwa mwendo wa kobe wa Mbps 1. Katika jengo lenye ruta thelathini, matangazo hayo peke yake hula sehemu kubwa ya muda wa hewani.

Bendi ya 5 GHz ina nafasi zaidi na hupenya ukuta kwa shida zaidi. Kwenye jengo la fleti udhaifu huo ni faida, kwani ukuta unaokunyima ndio unaokukinga na jirani. Weka nchi iwe Kenya, chagua kati ya 36, 40, 44 na 48, upana 40 MHz ikiwa pamesongamana, 80 ikiwa pametulia. Chaneli za 52 kwenda juu hadi 144 ruta hulazimika kuzisikiliza kwanza, dakika nzima au zaidi, isije ikaingilia rada. Ikisikia rada huhama ghafla, nanyi mkakatika. Pwani watu huzisingizia meli za Kilindini. Rada za meli hufanya kazi karibu na 3 GHz na 9 GHz, si 5. Kinacholindwa hapo ni rada za hali ya hewa na za kijeshi hasa.

Nguvu ya kurusha usiipandishe ukidhani ndiyo dawa. Ruta inaweza kupaza sauti, lakini simu yenye betri ndogo haiwezi kuitikia kwa sauti hiyo. Utaona alama zote za waifai zimejaa na ukurasa haufunguki.

Waya wa pili

Kuna nyumba ambazo hakuna chaneli itakayoziokoa. Kuta tatu za matumbawe ni kuta tatu. Wengi hununua repita, kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi, wakakiweka kwenye chumba kilichokosa netiweki. Kidude kilichowekwa mahali pasiposikika hakina cha kurudia. Na hata kikiwekwa katikati ya njia, cha bei nafuu husikiliza na kurudia kwa chaneli ileile, hivyo kasi hukatika nusu.

Dawa ni waya na ruta ya pili, hata ile ya zamani iliyotupwa kabatini. Iunganishe na kompyuta peke yake kwanza, kabla ya kuiweka kwenye mtandao. Ipe anwani 192.168.1.2 ikiwa ile kubwa ni 192.168.1.1. Zima DHCP yake, maana wagawaji wawili wa anwani katika nyumba moja huleta ugomvi usioeleweka: simu hii inapata, ile haipati, kesho kinyume chake. Hakikisha ruta kubwa haigawi anwani hiyo ya 2. Mgawo wake uanze 100. Kisha chomeka waya kutoka tundu la LAN la ruta kubwa hadi tundu la LAN la ndogo, ukiliacha lile la WAN, la kuingizia intaneti kutoka nje. Jina na nywila ziwe zilezile, chaneli iwe tofauti: moja 1, nyingine 11.

Waya wa mtandao uwe wa daraja la Cat5e, wa shaba tupu. Ule wa bei nafuu mno huwa ni alumini iliyopakwa shaba, na kwa hewa yetu ya chumvi huoza kwenye viungio. Nyuzi zote nane zifungwe. Fundi akifunga nne tu, kasi haitapita Mbps 100. Na ukuta wa Mji wa Kale usiutoboe kwa drili ya nyundo. Jiwe lile hubomoka kwa ndani na kuacha pango, tena mtaa ule ni wa hifadhi. Pita juu ya mlango, kando ya boriti, au kwenye njia ya waya wa stima wa zamani uliokwisha kuondolewa. Usiupitishe bega kwa bega na stima inayofanya kazi.

Namba ya mama

Sasa turudi kwa zile tarakimu kumi.

Simu inapojiunga na waifai, hubadilishana na ruta ujumbe mfupi wa kuthibitisha kwamba zote mbili zinaijua nywila. Nywila yenyewe haitamkwi, lakini ujumbe huo unaweza kunaswa na mtu aliyekaa nje na kompyuta ndogo, akaenda nao kwake, akaanza kubahatisha bila ruta kujua lolote. Namba ya simu ya Kenya huanza na 07 au 01, zikifuatwa na tarakimu nane. Hizo ni namba milioni 100 kwa kila kianzio. Kompyuta yenye kadi ya kuchezea michezo hubahatisha nywila za WPA2, kufuli la kawaida la waifai, zaidi ya laki tano kwa sekunde. Milioni 100 gawanya kwa laki tano ni sekunde 200.

Dakika tatu na ushee.

Na huo ni uchambuzi wa kitaalamu ambao jirani hauhitaji hata kidogo. Mama anauza viazi karai na mahamri, na namba yake imeandikwa kwa rangi nyekundu pale mlangoni ili wateja walipe kwa M-Pesa.

Nilijiuliza muda mrefu ni nywila gani itakayomfaa mtu ambaye jibu lake la haki lilikuwa "hiyo sitaisahau". Michanganyiko ya herufi na alama itaandikwa kwenye karatasi, karatasi itapotea, fundi ataitwa, na namba ya simu itarudi. Jibu linalonituliza ni maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana, yaliyookotwa kwa bahati. Chukua kamusi, fumba macho, fungua ukurasa, gusa neno. Mara nne. Upate, tuseme, chungu, dafu, ufagio, jumatano. Kamusi ikiwa na maneno elfu kumi, michanganyiko ni namba 1 yenye sifuri kumi na sita, na kompyuta ileile ya dakika tatu ingehitaji zaidi ya miaka 600 kuimaliza. Kufumba macho ndio msingi wa jambo lenyewe. Maneno unayojichagulia mwenyewe yatakuwa jina la mtoto, mtaa na timu. Methali usitumie, haraka haraka haina baraka iko kwenye orodha ya kila mbahatishaji anayejua Kiswahili.

Yanayobaki ni ya haraka. Usalama uwe WPA2 yenye AES, njia ya kufumba ujumbe, au WPA2 na WPA3 pamoja kama ipo. Penye TKIP, njia ya zamani ya kufumba, ondoa: imezeeka, na ikitumika peke yake huishusha waifai hadi Mbps 54. WPS, njia ya mkato ya kujiunga bila kuandika nywila, izime; tangu mwaka 2011 inajulikana kwamba ile namba yake ya tarakimu nane hukaguliwa kwa vipande viwili, kwa hiyo majaribio 11,000 yanatosha. Nywila ya kuingilia ruta yenyewe, ile ya admin na admin, ibadilishe siku hiyohiyo, kwani anayeingia humo anaweza kubadili DNS, ile orodha inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, na kukupeleka kwenye ukurasa wa benki ambao si wa benki. Uendeshaji wa ruta kutoka nje ya nyumba uzimwe.

Kuficha jina la mtandao hakusaidii. Jina lililofichwa huilazimu simu yako kuliulizia kila inapokwenda, hata ndani ya feri ya Likoni. Orodha ya anwani za vifaa vinavyoruhusiwa nayo imepitwa na wakati: Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 hutumia anwani za kubuni, hivyo utamfungia mwanao nje huku anayejua kuiga anwani akipita.

Mtoto wa jirani mlangoni

Lakini kuna shaka iliyonishika kuliko hayo yote. Katika mitaa yetu mtu huja kuomba chumvi, barafu, pasi ya nguo. Mtoto wa jirani akija na kazi ya shule akisema, "Mama amesema nikuombe waifai," utamwambiaje kwamba umefumba macho ukaokota maneno manne ili asiingie?

Kwa siku kadhaa niliona kana kwamba ushauri wote huu unawafundisha watu uchoyo.

Kilichonigeuza ni sehemu moja ya menyu ambayo mafundi wengi huiruka: mtandao wa wageni. Ruta ileile hutoa jina la pili lenye nywila yake. Aliye humo anapata intaneti, ila haioni printa yako, kamera yako, wala ukurasa wa mipangilio. Washa ile alama ya kuwatenga wageni wasionane wao kwa wao. Kama kifurushi ni Mbps 20, wape wageni kikomo cha 5. Badilisha nywila yao kila baada ya miezi mitatu bila kugusa televisheni na simu za nyumbani. Mlango uko wazi hadi sebuleni, kama ilivyo nyumba yenyewe.

Alama ya QR ichapishwe na kubandikwa sebuleni, lakini iwe ya wageni, kwani ndani yake nywila imeandikwa waziwazi na kamera yoyote huisoma. Na jambo moja la kumweleza jirani kwa upole: atakachofanya mtandaoni kitaonekana kimetoka kwenye anwani yako.

Siku ya Idi huleta tatizo jingine. Wageni wanajaa, nywila ni sahihi, simu inaandika kwamba inatafuta anwani ya IP na inabaki hapohapo. Mgawo wa DHCP umekwisha. Ukiwa umewekwa kuanzia 192.168.1.100 hadi 120, nyumba ina nafasi 21 tu, na simu iliyokuja jana bado inashikilia yake. Panua hadi 199, na muda wa kushikilia ushushe kutoka saa 24 hadi saa 2. Ruta nyingine zina kikomo chao cha vifaa 32 kwa kila bendi. Hapo gawanya watu kati ya 2.4 na 5.

Chumvi na stima

Hewa ya bahari hula kila chenye madini. Pini za adapta na viungio vya waya hufanya ukungu wa kijani, na ruta huanza kujizima bila sababu. Kila miezi sita chomoa, futa kwa kitambaa kikavu, chomeka tena mara mbili tatu. Adapta ikibadilishwa, soma volti kwenye kibandiko. Kuna ruta za volti 9 na za volti 12 zenye tundu linalofanana kabisa, na ya 9 iliyotiwa 12 huenda isirudi tena.

Stima ikipotea, faiba haijafa. Ni vifaa vyako tu vilivyozimika. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya volti 12 inatosha. Iliyoandikwa mAh 8,800 hupimwa kwa betri za volti 3.7, yaani wati-saa (Wh) 32 na kitu. Ukitoa hasara unabaki na 27 hivi. Kwa ruta inayokula wati 8 ni saa tatu na dakika ishirini. Kama kisanduku cha faiba na ruta ni viwili mbalimbali, gawanya.

Na usisasishe programu ya ndani ya ruta bila UPS hiyo. Stima ikikatika katikati ya kusasisha, ruta inaweza isiwake tena.

Ukimaliza yote, piga picha kila ukurasa wa mipangilio, kisha tafuta mahali pa kuhifadhi nakala yake kama faili na uitume kwenye barua pepe yako. Kampuni nyingi hufikia ruta zao kwa mbali, na fundi wa simu akikwambia "bonyeza hicho kitundu kwa sindano sekunde kumi", kila ulichopanga kitafutika. Utajua kimefutika ukiliona jina la kiwandani limerudi kwenye simu yako. Siku hiyo kamusi haitahitajika tena, picha zipo.